Punguzo, orodha ya zawadi au tarehe ya mwisho: msimu huu utume kampeni gani kwa barua pepe?

Msimu wa manunuzi ukikaribia, wenye maduka mengi ya mtandaoni hukimbilia jambo lile lile: kukata bei na kuwatangazia wote waliomo kwenye orodha yao ya barua pepe. Uamuzi huo ni mwepesi kuuchukua na mwepesi kuutekeleza, maana unahitaji asilimia moja na tarehe mbili tu. Lakini ndio wa gharama kubwa kuliko yote, na mara nyingi haukuwa wa lazima. Msimu wenyewe tayari umempa mteja sababu ya kutoa pesa. Ana mtu wa kumnunulia zawadi, ana mtoto anayerudi shule, ana wageni njiani, au hali ya hewa imegeuka na nguo za mwezi uliopita hazimfai tena. Sababu hiyo umeipata bure. Ukimkatia bei mtu ambaye angenunua hata hivyo, umelipia kazi ambayo kalenda ilishakufanyia.

Kwa hiyo hapa nazipima kampeni kwa swali moja kabla ya mengine yote: je, barua hii inaitumia sababu aliyonayo mteja, au inamtafutia nyingine kwa kula faida yako? Kazi ya kuiandaa, aina ya orodha inayoifaa na kinachobaki msimu ukipita vinafuata nyuma ya swali hilo.

## Punguzo kwa wote, au orodha ya zawadi

Hesabu ya punguzo inastahili kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kuandika barua. Chukua bidhaa unayoiuza 100, ambayo imekugharimu 60 hadi kuingia ghalani. Faida ghafi ni 40. Ukikata bei kwa asilimia 20 unauza 80, na faida inashuka hadi 20. Yaani asilimia 20 ya bei imekula nusu nzima ya faida. Ili ubaki na pesa ile ile uliyokuwa ukiipata, lazima uuze mara mbili ya idadi ya kawaida. Kwa asilimia 30 unabaki na 10, na sasa unatakiwa kuuza mara nne. Ukifika asilimia 40 unafunga mizigo bila malipo. Na hapo bado hujahesabu usafirishaji wa bure ulioahidi, makato ya malipo ya kadi, wala bidhaa zitakazorudishwa.

Sisemi punguzo halina kazi. Kuna siku ambazo soko zima limezoezwa kusubiri bei ya chini. Ipo Black Friday, Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Marekani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Ipo Cyber Monday, Jumatatu inayofuata, jina lililobuniwa mwaka 2005 na chama cha wauzaji wa rejareja wa Marekani ili kuchangamsha mauzo ya mtandaoni. Ipo tarehe 11 Novemba, ambayo Alibaba, kampuni ya Kichina ya maduka ya mtandaoni, iliigeuza kuwa siku ya mauzo mwaka 2009, na ipo Prime Day, siku ya mauzo ya Amazon iliyoanza Julai 2015. Siku hizo mteja hafungui kikasha chake cha barua kutafuta wazo la zawadi, anatafuta bei. Barua ya maelezo marefu na picha za kupendeza itapitwa kama haipo.

Ukiamua kuingia kwenye kinyang'anyiro hicho, ingia na bei ya kweli na uiandike kwenye mada ya barua bila mafumbo. Kisha chagua bidhaa zenye uwezo wa kubeba mzigo: zenye faida nene, zilizokaa ghalani muda mrefu, au zile ambazo mteja akizijaribu hurudi kuzinunua kila baada ya wiki kadhaa. Kwa bidhaa ya kurudiwa, punguzo ni ada ya kumpata mteja, na oda yake ya tatu au ya nne itairudisha. Kwa bidhaa inayonunuliwa mara moja kwa miaka kumi, hakuna oda ya tatu. Pesa imeondoka.

Jambo la kupandisha bei mwezi mmoja kabla ili uishushe kwa mbwembwe liache kabisa. Wateja hupiga picha za skrini. Na kama unauza ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu 28 Mei 2022 sheria inamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe pia bei ya chini kabisa aliyouza katika siku 30 zilizotangulia.

Orodha ya zawadi inakwenda njia nyingine kabisa. Haigusi bei. Inachukua tatizo la mnunuzi, ambalo ni kutojua anunue nini, na kulitatua. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini ndani ya duka lenye bidhaa mia tatu hata kilicho chema kinahitaji mtu wa kukitoa mbele na kusema kinamfaa nani.

Hapo ndipo orodha nyingi za zawadi zinapoharibika. Zimegawanywa kwa jinsia na bei tu: za wanaume, za wanawake, za bei nafuu. Huo ni mpangilio wa ghala. Mtu anayetafuta zawadi hana kichwani neno "wanaume". Ana kichwani mtu fulani. Linganisha na vichwa hivi: "Kwa anayependa kupika ila jiko lake ni dogo." "Kwa mfanyakazi mwenzako usiyemjua sana." "Kwa yule aliyesema usimnunulie kitu." Kila kimoja kinamwita mnunuzi mmoja kwa shida yake, na akikisoma anajua mara moja kama kinamhusu. Chini ya kila kichwa weka bidhaa moja au mbili, sentensi moja ya kueleza kwa nini inamfaa mtu huyo, bei yake, na kiungo kinachompeleka kwenye bidhaa yenyewe. Ukimpeleka kwenye ukurasa wa mbele wa duka umemrudisha kwenye kutafuta upya.

Tena kuna jambo ambalo punguzo haliwezi kulifanya na orodha nzuri inaliweza: kuondoa hofu. Anayenunua zawadi anaogopa kukosea. Anaogopa saizi, anaogopa rangi, anaogopa kwamba mpokeaji anacho tayari. Kwa hiyo barua ya zawadi iseme wazi kama mpokeaji anaweza kubadilisha bila kuonyesha risiti, kama risiti yenye bei inabaki nje ya kifurushi, kama mnafunga kwa karatasi ya zawadi na kuweka kadi yenye ujumbe. Mistari hiyo mitatu ndiyo inayomtoa mtu kwenye kusitasita, na haikugharimu asilimia hata moja ya bei.

Gharama ya orodha ya zawadi ni kazi. Punguzo unaliandaa kwa saa moja, lakini orodha inataka siku kadhaa za kuchagua, kuandika na kupiga picha. Na uangalie urefu. Gmail hukata barua ambayo msimbo wake unazidi kilobaiti 102. Picha hazihesabiwi humo, ila maandishi na mapambo yote ya msimbo yanahesabiwa. Orodha ya bidhaa thelathini iliyojengwa kwa kuburuta vipande kwenye programu ya kutuma barua hufika kikomo hicho upesi, na kinachokatwa ni mkia, mahali ambapo kwa kawaida kiungo cha kujiondoa kipo. Mteja asiyekiona kiungo hicho hubonyeza kitufe cha kuripoti taka. Bidhaa sita zinatosha. Zikizidi, tuma barua mbili kwa makundi mawili.

## Ofa ya wote, au mlango wa mapema kwa wachache

Hii ni kampeni ambayo naona inapewa nafasi ndogo kuliko inavyostahili. Badala ya kumpa mteja wako mzuri bei ya chini zaidi, unampa muda. Mkusanyo mpya wa msimu unafunguliwa kwake saa 24 au 48 kabla ya watu wengine, kwa bei ile ile. Kwa bidhaa zinazoisha haraka, zenye saizi chache au zilizotengenezwa kwa idadi ndogo, muda huo una thamani kubwa kuliko asilimia 10.

Inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba iwe kweli. Ukiwaambia watu 400 kwamba wamechaguliwa, kisha kesho yake asubuhi kila mtu apate bidhaa hizo hizo pamoja na punguzo ambalo wao hawakulipata, umewaadhibu wateja wako bora kwa kuwahi. Watakumbuka. Kama utashusha bei baadaye, warudishie tofauti kabla hawajaiomba, au uwape wao bei hiyo tangu mwanzo.

Kundi lenyewe lichague kwa matendo: walionunua mara mbili au zaidi katika mwaka uliopita, au waliotumia kiasi fulani. Kufungua barua pekee hakutoshi kumwingiza mtu humo. Kwa duka changa lisilo na wateja wa kurudia, kampeni hii haina watu wa kuwaendea, na hakuna haja ya kuilazimisha. Hapo mlango wa mapema unaweza kuwa njia ya kukuza orodha: tangaza kwenye duka kwamba wanaojisajili kwa barua pepe ndio watakaoona kwanza.

## Mfululizo wa siku nyingi, au barua moja nzito

Mfululizo unavutia kwenye kikao cha kupanga. Siku kumi na mbili, kila siku bidhaa moja, kila siku dirisha jipya linafunguka. Kwa duka lenye bidhaa nyingi ndogo na wateja wanaofurahia kuchungulia, unaweza kwenda vizuri. Lakini kabla ya kuukubali, fikiria mtu asiyevutiwa na siku ya kwanza. Atapata barua kumi na moja zaidi.

Na sheria za kikasha zimebanwa. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe kikoa chao (jina la mtandao linalofuata alama ya @) kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, na waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja ambayo maombi yake yanatekelezwa ndani ya siku mbili. Kwa Gmail, "wingi" unaanzia barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye akaunti zake, na kiwango cha watu wanaoripoti taka kinatakiwa kibaki chini ya asilimia 0.1 na kisifike kamwe 0.3. Ifafanue hiyo asilimia 0.3: katika barua 10,000 ni watu 30. Mfululizo wa siku kumi na mbili unaotumwa kwa orodha nzima, wakiwemo wasiogusa barua zako tangu msimu uliopita, unaweza kuwafikisha watu hao 30 bila shida. Ukifika hapo, hata barua zako za kawaida, pamoja na uthibitisho wa oda kama unazituma kwa kikoa hicho hicho, zinaanza kuingia kwenye folda ya taka katikati ya msimu. Ni msiba usioonekana, maana programu yako itaendelea kusema kwamba barua "zimefika".

Kama moyo umeupenda mfululizo, yapo mambo mawili ya kuulainisha. La kwanza, barua ya siku ya kwanza itumwe kwa wote, na zinazofuata ziende kwa waliobofya tu. La pili, weka kiungo kinachosema: "Sitaki barua za sikukuu hii, niachieni nyingine." Mtu anabaki kwenye orodha yako na msimu unampita kwa amani.

Kiungo hicho kina uzito wa kipekee kwenye Siku ya Mama na Siku ya Baba. Mwaka 2019 duka la maua la Uingereza, Bloom & Wild, liliwapa wateja wake nafasi ya kukataa barua za Siku ya Mama, na maduka mengine yakafuata. Aliyefiwa na mama wiki tatu zilizopita hahitaji kuelezewa kwa nini. Tuma barua hiyo ya kuuliza mapema, wiki chache kabla ya kampeni, iwe fupi, isiwe na bidhaa hata moja ndani yake. Naiona kuwa wajibu kwa duka lolote linalouza kwa siku hizo, liwe kubwa au dogo.

Barua moja nzito inalifaa duka lenye bidhaa chache za bei ya juu, ambapo uamuzi wa kununua unachukua siku. Ina udhaifu wa wazi, kwamba ikikosea siku au mada, msimu umepita. Kwa hiyo hata "barua moja" iwe na ndugu yake mmoja: wiki moja baadaye, kwa waliobofya bila kununua, ikijibu swali moja ambalo wateja huliuliza sana kuhusu bidhaa hiyo.

## Tarehe ya mwisho ya kuagiza, au saa ya kuhesabu

Kama ningeruhusiwa kutuma barua moja tu msimu mzima wa zawadi, ningetuma ya tarehe ya mwisho ya kuagiza. Haiombi, haibembelezi, haikati bei. Inampa mteja taarifa anayoihitaji kweli, tena siku anayoihitaji. Soma hii:

Mada: Ukiagiza kabla ya Alhamisi saa sita mchana, itafika

*Alhamisi saa sita mchana ndio mwisho wa oda zitakazofika kabla ya sikukuu kwa usafirishaji wa kawaida. Ukichelewa, usafirishaji wa haraka unapokea oda hadi Jumamosi saa nne asubuhi. Baada ya hapo zinabaki kadi za zawadi, ambazo hufika kwa barua pepe papo hapo. Hivi ni vitu vitatu vilivyo tayari kuondoka ghalani leo.*

Imekwisha. Vitu vitatu, vitufe vitatu.

Tarehe yenyewe ihesabu kwa kurudi nyuma. Muulize msafirishaji siku ya mwisho anayopokea mzigo akaufikisha kwa wakati. Toa siku unazohitaji kufunga oda zikiwa nyingi. Kisha toa siku moja ya tahadhari. Kama yeye anasema tarehe 20 na wewe unafunga kwa siku mbili, tangaza 17. Kifurushi kinachofika siku moja mapema hakimuudhi mtu. Kinachofika siku moja baada ya sikukuu kinafuta kazi yote uliyoifanya tangu mwanzo wa mwaka. Kama unasafirisha kwenda nchi kadhaa, kila nchi ina tarehe yake, na barua lazima zigawanywe kwa nchi.

Barua tatu zinatosha: ya kwanza wiki moja kabla, ya pili siku moja kabla, ya tatu asubuhi ya siku yenyewe kwa waliobofya bila kununua. Waliokwisha kuagiza waondoe kwenye zote tatu. Mtu aliyelipa jana akipokea barua ya "bado hujachelewa" anaingiwa na wasiwasi, anaandika kuuliza kama oda yake ilipokelewa, na wahudumu wako ndio wanaolemewa.

Saa ya kuhesabu, ile picha yenye tarakimu zinazopungua ndani ya barua, inaonekana kufanya kazi hiyo hiyo. Haifanyi. Ni picha inayovutwa kutoka kwenye seva barua inapofunguliwa, na programu za barua zinazopakua picha mapema au kuzihifadhi humwonyesha mtu muda uliokwisha kupita. Saa nyingine huanza kuhesabu upya kila mtu anapofungua, na huo ni uongo mtupu. Andika siku na saa kwa maneno, pamoja na eneo la saa kama wateja wako wametawanyika.

## Msimu wa kalenda, au msimu wa mteja

Kalenda ya sikukuu iliyopakuliwa mahali fulani na kubandikwa ukutani huwaponza wengi. Siku ya Mama nchini Marekani na nchi nyingine nyingi ni Jumapili ya pili ya Mei. Uingereza huiadhimisha Jumapili ya nne ya Kwaresima, hivyo huangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Nchi nyingi za Kiarabu huiadhimisha 21 Machi. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida, na Idi inasubiri mwezi uonekane, kwa hiyo barua ya Idi haifai kupangwa itoke yenyewe kwa tarehe ya kukisia; iandae, kisha mtu wa kuituma awe macho. Mwaka mpya wa Kichina huwa kati ya 21 Januari na 20 Februari. Na Desemba ni baridi kali kaskazini mwa ikweta na kiangazi upande wa kusini, jambo linaloifanya barua ya "vaa joto" kuwa kichekesho kwa nusu ya orodha ya kimataifa. Chaguo zote hizi zinataka ujue mteja yuko nchi gani. Anwani ya oda yake ya mwisho inakwambia.

Msimu wa mteja ni ule unaomhusu yeye peke yake: siku ya kuzaliwa, mwaka mmoja tangu oda ya kwanza, au wakati ambapo bidhaa aliyonunua inakaribia kwisha. Huu wa mwisho ndio wenye faida zaidi kwa duka la bidhaa za kurudiwa, na unashangaza kwa jinsi usivyotumika. Kama chupa inakaa siku 60, barua inayotoka siku ya 50 yenye kitufe cha kuagiza tena haihitaji punguzo wala picha ya fataki. Inaandaliwa mara moja na kujituma mwaka mzima. Kwa duka dogo lenye mtu mmoja wa kuandika, ningeiweka hii mbele ya kampeni yoyote ya sikukuu.

## Kwenda kinyume na msimu

Mwaka 2011, siku ya Black Friday, Patagonia, kampuni ya Marekani ya mavazi ya matembezi ya nje, ilichapisha tangazo kwenye New York Times la kuwasihi watu wasinunue koti lake. Mwaka 2015 REI, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya matembezi na kambi, ilifunga maduka yake yote siku hiyo na kuwalipa wafanyakazi waende nje kwenye hewa. Mifano hii hunukuliwa sana na wanaotafuta njia ya mkato ya kuonekana tofauti. Ilisimama kwa sababu kampuni zote mbili zilikuwa na historia ndefu ya mambo ya mazingira na maisha ya nje. Kama duka lako halina msimamo wa namna hiyo, barua ya "sisi hatupunguzi bei" itasomeka kama punguzo lililokosekana tu. Kama unao, iandike, iwe fupi, na usiweke msimbo wa kuponi chini yake.

## Baada ya msimu

Sikukuu zikiisha una kundi jipya la watu walionunua kwa ajili ya wengine, na barua za "bidhaa zinazofanana na ulizonunua" zitawatumia wapenda vitabu matangazo ya vifaa vya uvuvi. Waulize kwa mbofyo mmoja: ulijinunulia, au ilikuwa zawadi? Jibu hilo linakuokoa mwaka mzima wa barua zisizohusika, na mwaka unaofuata unajua nani wa kumkumbusha kuhusu zawadi. Wiki hizi pia ndizo za kuwaandikia wenye kadi za zawadi ambazo hazijatumika. Mauzo ya kumalizia stoku yana nafasi yake hapa, kwani bidhaa iliyobaki ghalani ikisubiri mwaka mzima inakula nafasi na pesa.

## Zikiwekwa pamoja

| Kampeni | Inagusa faida kiasi gani | Kazi ya kuandaa | Inalifaa duka gani | Inapoharibika |
|---|---|---|---|---|
| Punguzo kwa wote | Sana | Ndogo | Lenye faida nene, stoku ya kutoa au bidhaa za kurudiwa | Wateja huacha kununua bei kamili |
| Orodha ya zawadi | Haigusi | Kubwa | Lenye bidhaa nyingi tofauti | Ikiwa ndefu au imepangwa kama ghala |
| Mlango wa mapema | Haigusi au kidogo | Ya kati | Lenye wateja wa kurudia na bidhaa chache | Ahadi ikiwa ya uongo |
| Mfululizo | Inategemea ofa | Kubwa sana | Lenye orodha inayobofya mara kwa mara | Ripoti za taka |
| Tarehe ya mwisho | Haigusi | Ndogo | Lolote linalosafirisha mizigo | Tarehe ikihesabiwa vibaya |
| Ukumbusho wa kuagiza tena | Haigusi | Ya mara moja | La bidhaa zinazokwisha | Ikitoka mapema au kwa kuchelewa |

Duka changa lenye orodha ya mamia machache lichukue orodha ya zawadi moja na barua za tarehe ya mwisho, basi. Duka lenye wateja wa kurudia liongeze mlango wa mapema, na punguzo liwekwe mwisho kabisa, kwa bidhaa zilizobaki. Duka ambalo limewazoesha wateja punguzo kila mwezi lina kazi ngumu zaidi: halitaweza kuacha ghafla bila mauzo kuporomoka. Njia inayovumilika ni kupunguza bidhaa zinazoingizwa kwenye ofa msimu hadi msimu, huku bei ya zile nyingine ikiachwa kama ilivyo. Na duka ambalo halijatuma barua kwa miezi mingi lisianze na kampeni kubwa siku yenye shughuli kuliko zote. Lianze wiki kadhaa kabla, kwa walionunua karibuni, likiongeza idadi polepole, ili watoa huduma za barua wazoee kuiona anwani yake.

Kuhusu kupima, usichague mshindi kwa idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inampa mtumiaji ulinzi unaopakua picha zote hata kama barua haijasomwa, kwa hiyo idadi hiyo imevimba. Hesabu oda na faida iliyobaki baada ya punguzo. Na kama orodha yako ni ya maelfu, tenga kwa bahati nasibu sehemu moja ya kumi isiyopata kampeni hiyo kabisa, kisha msimu ukiisha linganisha manunuzi ya kila mtu mmoja katika makundi yote mawili. Wale wasiopata barua ya punguzo wakiwa wamenunua karibu sawa na walioipata, tena kwa bei kamili, utajua msimu ujao ni kampeni gani ya kuiondoa kwanza kwenye ratiba.